Spesa Zilizouzwa Namanga

Lendikruza ilishatoka kwa kina Resian, nje ya mji wa Kajiado. Bibi harusi alikaa mbele, shuka nyekundu mabegani, shanga zimemjaa kifuani. Hakuruhusiwa kugeuka. Binti wa Kimaasai akiondoka kwao haangalii nyuma, la sivyo, wanasema, atakuwa jiwe. Leshan, bwana harusi, aliendesha. Lemein, msimamizi wake, alikuwa nyuma akiimba.

Walijuania Kitengela, kwenye duka la spea alikouza Resian. Leshan aliingia siku ya soko, viatu vyeupe kwa vumbi.

"Supa, mrembo."

"Ipa. Mrembo hauzwi hapa. Unataka nini?"

"Spesa, zile za kusukuma magurudumu nje. Ya nyuma yameingia ndani kuliko ya mbele. Kwa mchanga gari inahangaika."

Resian akamwekea mbili mezani. "Hii ni chuma cha kumiminwa tu kwa kalibu. Tundu la katikati ni kubwa, inaning'inia kwa nati. Siku moja itapasuka. Hii nayo ni alumini ya kufuliwa, inashika habu, kile kitovu cha gurudumu, kama pete kwa kidole. Ukifunga, tembea kidogo, halafu kaza tena."

"Na kidole chako ni saizi gani?"

"Lipa kwanza, baba."

Alilipa, akachukua nzuri. Tangu hapo simu hazikuisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Niko na njaa yako."

"Wacha ujinga, kuna wateja."

Halafu siku moja Leshan akamkuta Resian amemkumbatia kijana dukani, wanacheka. Aliondoka bila salamu. Kwa hasira hakutaka kitu cha Resian kwenye gari lake. Aliuza zile spesa kwa dereva wa Namanga, akafunga za bei rahisi za kando ya barabara. Hakushika simu za Resian mpaka msimu wa mvua ukaisha. Aliposhika, Resian alikuwa amechoka kulia.

"Yule ni Nick, mtoto wa mama mdogo. Ni ndugu yangu, wewe."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Ulikuwa unashika simu?"

Aliomba msamaha, akapeleka ng'ombe wa mahari kwa kina Resian. Habari ya spesa aliona aibu kuitaja.

Sasa, kwenye mawe kabla ya lami, Resian alisikia gari likitetemeka chini yake.

"Leshan, gurudumu la nyuma linacheza. Simama niangalie."

"Shemeji, wewe huangalii nyuma leo," Lemein akasema. "Tukuoe jiwe?"

"Basi ashuke yeye. Leshan, hizo spesa ni zile zangu?"

Leshan alijua akisimama Resian atauliza tena, mbele ya Lemein.

"Ni zako, mpenzi. Tukifika mbele nitakaza."

Walifika lami, akaongeza mwendo. Spesa ilipasuka wakiteremka kuelekea Isinya. Gurudumu liliwapita kando, Resian akaliona bila kugeuka. Kisha gari likabingirika.

Hospitali, Leshan alianza mwenyewe.

"Hazikuwa zako."

"Najua. Nilikanyaga vipande vyake nikitoka garini."

"Utarudi kwenu?"

"Nishatoka kwetu, Leshan. Songa, nikae."

Lemein alifia pale barabarani, akazikwa kwao. Leshan alikatwa mguu chini ya goti. Anauza nyasi Kitengela. Nick alihamia Loitokitok, analima nyanya. Resian anaishi na Leshan na wana mtoto wa kike. Mama yake Lemein huja kumwona mtoto. Lakini chakula cha nyumba ya Leshan hali.