Kidole Udongoni

Jirani aliyehama alimwachia mshonaji chungu chenye ua moja la kutambaa, lenye majani mapana, na maneno machache: "Hili hata mvivu analiweza. Liweke kivulini. Kabla ya kulimwagilia, tia kidole udongoni. Ukikuta pakavu, maji kidogo. Ukikuta pabichi, liache."

Mshonaji alilipenda kupita kiasi. Alikuwa na mtoto wa miezi minne na cherehani isiyopumzika, lakini kila asubuhi, kabla ya kushika mkasi, alikwenda dirishani kutia kidole. Siku tisa zilipita hajalimwagilia hata tone, na udongo ulikuwa bado mbichi. Alishukuru tu, maana mwenye mtoto mchanga hatafuti kazi ya ziada.

Siku ya kumi kitu kilikishika kidole kule chini. Hakikuuma. Kilikivuta taratibu kwa ufizi laini, kikaachia, kikavuta tena. Mama yeyote anaujua mvuto ule. Alichomoa mkono, akajiambia ni nyungunyungu. Kesho yake, Mungu amsamehe, akakirudisha.

Ndani ya wiki mbili ua lilifika darini na maziwa ya mshonaji yakakauka. Mtoto alinyonya akaambulia patupu, akalia mpaka sauti ikakwaruza, mbavu zikahesabika. Chumba kilinuka maziwa yaliyochacha, na harufu ilitoka chunguni.

"Mwanangu, unamnyonyesha nani mwingine?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ya chini.

Mshonaji alificha kidole, lakini alikuwa amechelewa. Kilikuwa cheupe, kimekunjamana.

Mganga aliyeitwa hakutaka hata kuketi. "Ni jini mchanga," alinong'ona. "Msimkate. Aliyemnyonyesha ndiye amwachishe, kama mtoto yeyote." Akamkabidhi shubiri. "Paka kidole, kitie mara ya mwisho, kisha chungu kipelekwe uani na mlango ufungwe. Atalia kwa sauti mnayoijua. Msifungue mpaka anyamaze, la sivyo mtampoteza mtoto."

Wakafanya hivyo adhuhuri. Udongo ulitetemeka, ukakitema kidole. Mama mkwe alikimbiza chungu uani, akafunga mlango, na kilio kikaanza kabla mshonaji hajamwinua mtoto mkekani.

Kilio kilipanda, kikashuka, kikakwaruza, kikaugonga mlango kwa kitu laini, na mshonaji, aliyembana kifuani mtoto aliyelala fofofo, alisogea mlangoni huku maziwa yaliyokauka wiki nzima yakianza kumtoka yenyewe, yakalowesha gauni, yakadondoka sakafuni, kwa kuwa mwili haukuelewa amri ya mganga na ulikuwa unataka kwenda uani.

"Mama, niache nifungue."

"Vumilia, mwanangu. Wako si huyu hapa?"

Magharibi kukawa kimya. Mama mkwe alilia kwa furaha. Mtoto naye aliamka, akapewa ziwa, akanyonya kwa nguvu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Mshonaji alimshukuru Mungu, akainama kumbusu, na pumzi ya mtoto ilinuka udongo mbichi.

Hakumtoa ziwani. Hakuthubutu. Alimtazama mama mkwe, aliyekwisha kushika ufunguo wa mlango wa uani.

"Mama," alisema polepole, "ile sauti iliyonyamaza ilikuwa ya nani?"