Sili Iliyoachwa Ivuje

Asubuhi ile, ndugu zangu, nyumba ilikuwa imetulia. Mama mkwe alikuwa anaota jua kibarazani, pumu yake imelala, na mke wa mwanawe anamsuka. Walipendana hawa kama mtu na bintiye. Mara simu ikaita: fundi wa gereji anamtaka mwenye gari.

Mwenye gari ni mwana wa mama huyo. Mtaani walimwita Baadaye, na jina halikumkera hata kidogo. Alimtuma mkewe, yeye akabaki anapiga pasi suti ya harusi ya rafiki yake.

Fundi alikuwa ameshateremsha giaboksi ili abadilishe klachi iliyokwisha. Akamwonyesha mke sili ya nyuma ya injini, kile kiduara cha mpira kinachozuia oili. Ilikuwa inavuja. Akaigusa, kidole kikatoka cheusi.

"Shemeji, gari lenyewe zee," fundi alisema. "Giaboksi iko chini tayari, tubadilishe na sili hii kwa kazi hii hii. Tukiiacha, oili itaingia kwenye klachi mpya, na mlimani klachi itateleza, gari lisipande. Ila sili nitaipata Jumatatu."

Habari ilipomfikia, Baadaye alicheka. Harusi ilikuwa kesho, naye alishaahidi kumbeba bwana harusi.

"Leo umekuwa fundi? Kilichokufa ni klachi, aweke klachi. Mengine baadaye."

Fundi akatii, gari si lake. Harusini likang'aa, picha zikapigwa. Mke kila alipoona tone jeusi uani alikumbusha, na kila mara alijibiwa neno lile lile. Mwishowe akachoka kusema. Nani asingechoka?

Jioni moja ya mvua, pumu ikambana mama mkwe. Wakampakia nyuma, kichwa mapajani mwa mke wa mwanawe, wakashika njia ya hospitali iliyo juu ya kilima. Katikati ya mlima injini ikanguruma, gari lisisogee. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Baadaye, aliyeshika usukani, akakanyaga mafuta weee, kisha akashuka kusukuma peke yake, analia.

Mama akamshika mkono mkwewe. "Mwambie mwanangu asijichoshe," alisema taratibu. Hakusema tena.

Baada ya maziko giaboksi iliteremshwa upya, sili ikabadilishwa. Sasa gari linapanda kilima kile bila taabu, na hakuna wa kupelekwa. Mkewe hajamlaumu hata siku moja. Hilo ndilo linalomtafuna zaidi.

FUNZO

Ndugu yangu, ukishafungua kitu chako kikuukuu, tengeneza na kilicho jirani, maana kukifungua ndiyo kazi yenyewe. Na mkeo akikuletea habari, usimcheke, nenda ukaangalie. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini ukuta hujengwa. Mama hajengwi.