Diski ya Studio ya Katesh

Saa 3:20 asubuhi. Katesh, chumba cha nyuma cha duka la mashudu.

Gidamis alichora kwa kidole kwenye vumbi la meza. Mlango. Kaunta. Kompyuta.

"Kamera ya studio ilininasa nikivunja ghala la jirani. Uso wangu umo kwenye diski yao. Leo mnada, mwenye studio yuko kwenye ng'ombe. Letisia unaing'oa, Pascal unaibeba, mimi naivunja."

"Kabla hujaivunja, kaka..."

"Utatoa video yako, Letisia. Nimeshasema."

Letisia aliwahi kufanya kazi pale studio, akafukuzwa. Video ilikuwa ya harusi ya dada yake Rahel: mama yao akiimba, miezi miwili kabla tope la mlimani halijashuka mtaa wa Jorodom na kumchukua. Picha nyingine zote zilikwenda na nyumba. Aliporudi kuiomba, mwenye studio hakumfungulia hata mlango.

Saa 4:05. Studio.

Skrubu nne. Letisia alizifungua, diski ikatoka. Pascal akaitumbukiza kwenye mfuko wa maharage, akawasha pikipiki. Letisia akafuata kwa bodaboda.

Saa 5:15. Endasak, stoo ya mahindi.

Kompyuta ya Gidamis iliwaka. Diski ikazunguka. Kioo kikaandika kwamba hakuna diski.

Mara ya pili. Mara ya tatu.

Gidamis alichukua panga. "Pascal. Ulikuwa peke yako nayo. Ya kweli umewapa polisi."

"Haki ya Mungu, kaka! Mimi hata redio siwezi kufungua!"

Letisia aliijua sababu. Mashine ilikuwa ya mwaka 2009. Programu yake ya kuwashia haijawahi kusasishwa, na diski kubwa namna hii haikuijua. Kwenye kompyuta mpya ingefunguka mara moja. Akinyamaza, Gidamis ataitupa kama takataka, naye ataiokota. Atamsikia mama.

Panga liliinuka.

"Ni yenyewe," alisema Letisia. "Mashine yako ndiyo ya zamani, haiitambui. Hiyo lebo iliyobandikwa juu yake niliandika mimi, nikiwa kazini pale."

"Andika tena."

Aliandika juu ya gunia. Gidamis akalinganisha herufi, moja moja. Akashusha panga.

"Nipe nusu saa niisasishe mashine. Uliniahidi, kaka."

Simu ililia. Gidamis akasikiliza, akakata. "Polisi wameiona pikipiki. Wanakuja."

"Basi niachie, nitaificha."

"Ina uso wangu."

Nyundo ilishuka mara saba. Kisha Gidamis akapotelea kwenye shamba la mahindi.

Letisia alipiga magoti, akaanza kuokota.

"Dada, panda!" Pascal alikuwa tayari juu ya pikipiki. "Kulikuwa na nini humo?"

"Mama."

"Utanieleza njiani. Panda!"

"Kuna kipande kimeingia chini ya magunia. Ningoje."

Pascal alimngoja mpaka vumbi la gari likaonekana barabarani. Kisha akatia gia, akaondoka bila kugeuka.

Letisia aliendelea kupapasa. Alijaribu kuukumbuka ule wimbo. Ubeti wa kwanza ulikuja. Alikuwa bado anautafuta wa pili, milango ya gari ilipofunguka nje.