Jina la Pihla Liliposomwa

Jumamosi ile ghala la mitumba la mtaa wa Kyläsaari lilifurika watu, na kila aliyeingia aliburuta theluji iliyoyeyuka sakafuni. Pihla alikuwa ameinama nyuma ya makabati, ameshika mguu wa meza ya mbao laini, alipogundua kuwa mguu wa pili umeshikwa na mkono wa mtu mwingine.

"Samahani, hii nimeiona mimi kwanza," alisema mwanamume mrefu mwenye koti la sufu la kijivu na kofia ya njano iliyomteremkia hadi kwenye nyusi.

"Umeiona. Mimi nimeishika."

"Unaitaka ya nini?"

"Nikaikatekate."

Mwanamume yule alishtuka kana kwamba ametukaniwa mama yake. Pihla, ambaye kwa kawaida hawezi hata kumwomba mtu ampishe kwenye tramu, akajikuta anacheka.

"Nachonga picha kwenye mbao," alieleza. "Napaka wino, nachapa kwenye karatasi."

"Kumbe ni mwenzangu! Mimi nachapa kwa mabamba ya shaba. Basi ichukue, dada. Nitaendelea kula nimesimama dirishani, kama farasi."

Jina lake lilikuwa Tuure. Aliibeba meza ile mgongoni hadi chumba cha kazi cha Pihla huko Vallila. Walipofika, kofia ilikuwa imelowa na masikio yamekuwa mekundu, na Pihla akaona haya kumwacha aondoke bila kahawa. Hivyo ndivyo walivyoanza.

Majira ya baridi yalikuwa marefu, na simu ya Tuure ilikuja kila jioni.

"Umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula, Pihla."

"Kwa mchongaji ni karamu."

"Usiondoke hapo. Nakuja na supu."

Alikuja na supu ya samaki kwenye chupa ya chai, wakala, akakaa akimtazama anavyochonga. Hakuwahi kusema anampenda. Pihla naye hakuwahi kuuliza. Wote wawili walikuwa watu wa kuogopa maneno makubwa.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Pihla alilificha. Kila mwaka aliomba ruzuku kwenye mfuko mmoja wa sanaa unaowalipia wasanii nauli na matumizi ili wakafanye kazi ugenini. Alitaka kwenda Japani, kwenye kijiji ambako karatasi bado hutengenezwa kwa mikono. Kila mwaka alikataliwa. Alikuwa amechoka kukataliwa, na zaidi alikuwa amechoka na nyuso za watu wakimpa pole. Kwa hiyo safari hii aliomba kimyakimya.

Majibu yalitoka asubuhi moja ya Aprili, barabara zikiwa tope tupu. Samahani, safari hii hapana. Chini yake, kama kawaida ya mfuko ule, ndipo yalipotajwa majina ya waamuzi yaliyokuwa siri hadi siku hiyo. La tatu lilikuwa la Tuure.

Alipiga simu akiwa bado na koti mwilini.

"Tuure, uliona ombi langu?"

"Pihla..."

"Uliliona. Ukaja hapa, ukaniuliza kama nimelala vizuri, ukajua, ukanyamaza."

"Mpenzi, mambo ya jopo la waamuzi hayaruhusiwi kutoka nje..."

"Usiniite hivyo! Ungenikataa ukakaa kwako, ningevumilia. Lakini unikatae halafu uniletee supu?"

"Sikukukataa. Mimi siku hiyo..."

Pihla alikata simu. Tuure alipiga tena, na tena. Simu ikawa inatetemeka mezani peke yake. Pihla hakuwa hata na nguvu za hasira. Alijisikia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mno, imebaki uzi.

Mwisho wa wiki alikwenda sauna, bafu la mvuke la mtaa wa Kallio, upande wa wanawake, angalau mifupa ipate joto. Kwenye ngazi ya juu alikaa bibi mmoja mpana, nywele nyeupe zimemganda kichwani. Pihla alimfahamu: Hilkka, mchonga mawe, na mwenyekiti wa jopo lile.

"Wewe ndiye wa mbao," Hilkka alisema, akimwaga maji kwenye mawe ya moto. "Nisingepaswa kufungua mdomo. Lakini joto hili linanilegeza ulimi, na kijana wako anatia huruma."

"Si kijana wangu."

"Ungemwambia mapema basi, maana sisi alituambia vingine." Bibi alicheka hadi akakohoa. "Kanuni yetu ni hii, binti: likisomwa jina la mtu wako, unasimama, unataja sababu, unatoka nje. Lilisomwa la kwako, akasimama. Nikamuuliza, sababu gani? Tukadhani atasema mlisoma pamoja. Akawa mwekundu kama nyanya. Akasema, 'Huyu ni mwanamke ninayetaka kuzeeka naye. Yeye mwenyewe sijamwambia.' Akaenda kusimama koridoni."

"Na ndani?" Pihla aliuliza.

"Ndani hakubaki mtu anayejua kuchapa. Wengine walisema kazi yako ni ya kizamani. Mimi wa mawe nilikutetea nilivyoweza, haikutosha." Akamwaga maji mengine. "Angebaki, ungekwenda Japani. Tena yeye mwenyewe alijua hivyo wakati anafungua mlango."

Pihla aliondoka nywele zikiwa mbichi. Njia nzima alitaka kumkumbatia Tuure, alitaka kumpiga. Tuure alifungua mlango wa chumba chake cha kazi mikono ikiwa na wino hadi viwiko, macho yamezama.

"Ungebaki, ungenipa?" Pihla aliuliza kabla ya salamu.

"Ungekuwa wa kwanza."

"Hakuna aliyejua habari zetu. Ungenyamaza tu!"

"Nilijaribu. Kunyamaza pale maana yake ni kusema sikujui. Nililiweka neno hilo mdomoni, likagoma kutoka."

"Kwa hiyo umeninyima Japani kwa sababu unanipenda."

"Ndiyo," Tuure alisema kwa sauti ndogo. "Na nimeshaandika barua ya kujiuzulu joponi. Utaomba tena mwakani, mimi sitakuwepo."

Pihla alikaa juu ya kreti. Bila Tuure, jopo lingebaki bila mtu wa wino kabisa, na kuna wachapaji wengine waliochoka kama yeye wanaosubiri mtu mmoja tu wa kuwaelewa.

"Usiipeleke barua hiyo," alisema hatimaye. "Kaa uwatetee wenzetu."

"Na wewe?"

"Mimi nitaomba. Utoke. Nikiomba tena, utoke tena."

"Pihla, watakukataa."

"Huenda. Nitachonga vizuri zaidi, hata mtu wa mawe aelewe." Aliushika mkono wake wenye wino, wa kwake ukachafuka, hakujali. "Lakini wakikuuliza sababu, usiwachoshe na habari za kuzeeka. Waambie ni mke wako."