Ufunguo Uliokwenda Karatina

Koti lilikuwa moja, wanunuzi wawili. Soko la mitumba la Nyeri lilijaa Jumamosi hiyo hadi wauzaji wakapanda juu ya meza kuita wateja, na katikati ya rundo la nguo Murugi akashika mkono wa koti jeupe la maabara. Alipolivuta, nalo likamvuta. Mkono wa pili ulikuwa umeshikwa na kijana mrefu mwenye sweta ya kijani na uso wa mtu asiyejua kushindwa.

"Wee! Hiyo nimeona kwanza," Murugi akasema.

"Umeona na macho. Mimi nimeshika na mkono."

"Kwani hii ni mkono ya nani?"

"Sijui, lakini ni mzuri."

Murugi alijaribu kununa, akaishia kucheka. Alivaa rinda la bluu na buti za mpira, maana mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kumbe wote wawili walisomea uhandisi wa umeme na elektroniki, kila mtu chuo chake, na Jumatatu walikuwa wanaripoti kwenye maabara ileile ya utafiti, nje kidogo ya mji, kwa mafunzo ya kazini. Murugi wa Endarasha. Kijana, Gathogo, wa Kianyaga. Gathogo akamwachia koti. Jumatatu akafika kazini amevaa koti la bucha, jina la bucha limeandikwa mgongoni kwa herufi nyekundu. Hapo ndipo Murugi alipompenda, ingawa alijifanya hajui kwa wiki kadhaa.

Maabara ile ilikuwa na chumba kilichozungushiwa shaba pande zote, ili mawimbi ya simu na redio yasiingie kuvuruga vipimo. Ndani yake palikuwa na mitambo yenye umeme wa kuua mtu mara moja. Kwa hivyo sheria ilikuwa hii: kabla hujaingia kurekebisha chochote, unazima swichi kuu iliyo nje, unaipiga kufuli yako mwenyewe yenye jina lako, unaweka ufunguo mfukoni. Ukitoka unafungua mwenyewe. Injinia Phyllis, msimamizi wao, aliwaambia siku ya kwanza: "Huo ufunguo haushikwi na mtu mwingine. Hata mimi. Ukiupeana, unaenda nyumbani siku hiyohiyo."

Waliitikia kwa vichwa. Mapenzi nayo yakawapofusha. Mchana mmoja, wakinywa chai nyuma ya jengo, Gathogo alivua ufunguo wake akamtundikia Murugi shingoni kwa uzi mweusi.

"Pete sina. Kaa na hii kwanza."

"Injinia akijua?"

"Si tunafanya kazi pamoja kila siku? Ukitaka yako, niko hapo kando yako, babe."

Murugi akampa wake. Basi ukawa mchezo wao. Ikifika saa ya kufungua, huyu anamkonyeza yule, wanafunguliana, wanacheka. Hakuna aliyejua.

Mpaka Jumamosi moja. Walikuwa wamepanga kukutana mjini saa tisa, na Gathogo alikuwa na neno: alitaka Murugi aje Kianyaga, mama amwone. Akanyoa, akavaa shati jipya la mistari, akakaa hotelini na sahani mbili mezani. Lakini adhuhuri Injinia Phyllis alikuwa amempigia Murugi simu kwamba kipimo kimeharibika, aje mbio, yeye na Griffins, mwanafunzi mwenzao aliyependa viatu vya ngozi na manukato. Murugi akadhani ni kazi ya dakika chache. Akazima swichi, akapiga kufuli yake, ambayo hujifunga bila ufunguo, Griffins akapiga yake, wakaingia. Humo ndani simu ni kama jiwe.

Gathogo alipiga, akapiga, akaambiwa kila mara mteja hapatikani. Akaja hadi getini.

"Yuko ndani ya shaba na Griffins," soja akamwambia. "Wamejifungia."

Mlango huo hufungwa siku zote wakati wa vipimo, na Gathogo alijua hivyo vizuri sana. Lakini mtu mwenye wivu hujua mambo yote isipokuwa yale anayoyajua. Akazima simu, akashika njia ya kwenda kwao.

Murugi alitoka akipangusa jasho. Griffins akafungua kufuli yake. Murugi akatia mkono shingoni, akatoa ufunguo. Ulikuwa wa Gathogo.

"Fungua tuwashe," Injinia akasema.

"Ufunguo... umepotea, madam."

Angesema ukweli angefukuzwa. Na mama yake alikuwa ameshawatangazia akina mama wa kanisa kwamba Desemba binti yake atavaa joho la kuhitimu. Bila mafunzo haya hakuna joho.

"Umepotea?" Injinia alipauka. "Basi hakuna mtu anatoka hapa mpaka upatikane. Ufunguo ukitembea ovyo utaua mtu."

Geti likafungwa. Wote wakapiga magoti hapo nje ya chumba cha shaba. Injinia Phyllis mwenyewe, na suti yake ya kijivu, akaingia chini ya meza na tochi. Griffins akapekua hata pipa la taka. Murugi naye akatafuta kitu alichojua hakipo, na kila alipoambiwa "usijali, tutaupata," alitamani sakafu impokee. Kuondoka hawezi, kusema hawezi. Alimpigia Gathogo kwa siri mpaka vidole vikafa ganzi.

Mwishowe simu yake ikalia. Watu wote wakageuka.

"Umetoka kwa shaba?" Gathogo akauliza kwa ukali. "Mimi niko Karatina. Nimewasha simu nikuambie kwaheri."

"Gathogo, dear, tafadhali. Uko na kitu yangu."

"Kitu gani? Wewe ndio uko na vitu zangu. Nimekungoja mpaka chakula ikapoa!"

"Aki sikiza. Hiyo kitu... ile ya chai."

"Ati chai? Enda ukanywe na Griffins!"

"Siwezi kuongea, babe. Niko na watu."

"Najua uko na watu! Hata hii ufunguo yako nakuja kukurudishia leoleo!"

Akakata. Sauti yake ilikuwa kubwa, na chumba kilikuwa kimya. Injinia Phyllis akainuka polepole, magoti yamejaa vumbi. Akavuta kiti, akaketi kungoja.

Gathogo alifika akitweta, ufunguo mkononi, maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Akaona kufuli kwenye swichi. Akaona Griffins ameshika ufagio, na Murugi amejaa vumbi. Akaelewa yote kwa pamoja, na hasira ikamwisha.

"Madam, ni mimi," akasema. "Niliutoa kwa koti yake bila yeye kujua."

Murugi angenyamaza tu, joho lingekuwa lake. Injinia alimtazama kana kwamba anamwomba anyamaze. Alimpenda binti huyu.

"Haukuibwa," Murugi akasema. Akavua uzi mweusi. "Hii ni yake. Tulibadilishana."

Injinia alifumba macho. "Siku moja huyu angefungua akidhani umetoka, na ningekuwa nampigia mama yako simu ya kumwambia umekufa. Mnanielewa? Endeni nyumbani, wote wawili."

Nje ya geti baridi ya jioni ilikuwa imeanza kushuka. Murugi alilia bila kujificha.

"Ulienda na maisha yangu mfukoni ukayasahau."

"Nilisahau. Sina la kujitetea."

"Na mimi nilipiga kufuli bila kufikiri. Lakini ulizima simu, Gathogo. Hiyo ndiyo inaniuma."

"Nikikasirika tena, nitakasirikia hapo mbele yako. Sitazima." Akamkaribia. "Nilitaka uje Kianyaga, mama akuone. Sasa wacha tuanze Endarasha. Nitamwambia mama yako kosa ni ya nani."

"Atakufukuza."

"Leo nimeshafukuzwa mara moja. Nimezoea."

Murugi akacheka katikati ya machozi, akakasirika kwa kucheka, kisha akamshika mkono. Akampigia mama yake.

"Mama, niko na habari mbaya. Na niko na mtu. Tunakuja."

Mama yake akauliza: "Niambie kwanza hiyo habari mbaya, ama niambie huyo mtu ni nani?"

Murugi akamtazama Gathogo na shati lake jipya la mistari, limejaa vumbi la barabarani.

"Ni kitu moja, Mama," akasema.