Lori la Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu Dalmas, dereva wa shamba moja la Njoro, mwaka wa hamsini na sita. Alikuwa akivuta lori bovu kwa mnyororo kutoka Nakuru kwenda Gilgil, na Hiram, rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa ameapa kushika usukani kule nyuma.

Kwenye mlima wa Mbaruk, jioni yenye ukungu mzito, injini ya dizeli ikachemka. Dalmas akasimama, akakagua. Maji yalikuwemo, mkanda wa feni umekaza. Kisha akasikia harufu ya breki zinazoungua kutoka nyuma.

"Hiram! Mbona unanikanyagia breki?"

Rejeta tu ndiyo iliyokuwa ikitokota.

Lori lingine likasimama kando. Dereva wake, mzee Wanyoike, akamwambia, "Hiram nimemwacha Nakuru akinywa chai. Anasema lori hilo lina mzuka, hapandi hata kwa dawa."

"Alijua, na akaniacha nije peke yangu?" Dalmas alikumbuka kwamba aliondoka Nakuru bila kutazama kama Hiram amepanda. "Na kona zote, nani alikuwa akizikata?"

Akaenda nyuma, akafungua mlango wa lori bovu. Hakukuwa na mtu. Pedali ya breki ilikuwa imezama hadi chini. Akiwa anaitazama, ikainuka polepole, na springi za kiti zikalia, kana kwamba mtu anasogea kumpisha mwenzake aingie.