Kifuniko Kwenye Barafu

Kila asubuhi kabla ya shule, Kozue alimsindikiza dada yake Wakana, mchezaji wa kuteleza, kwenye uwanja wa barafu wa mji wa Hachinohe, Japani. Alimbebea begi la viatu, kisha akakaa kwenye benchi akila tonge la wali lililofungwa kwa mwani, huku dada akiruka, akianguka na kuruka tena. Ndiyo maana siku ya mashindano ya mkoa, baba alimkabidhi yeye kamera, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

"Usiwashe taa yake, wala usiinamie ukuta wa uwanja," baba alimwonya. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Kusikia alisikia. Lakini Wakana alipomaliza kucheza bila kuanguka hata mara moja, watu wakashangilia na maua yakarushwa barafuni, Kozue akasahau yote. Aliinama juu ya ukuta apige picha, na kifuniko cheusi cha lenzi kikamponyoka. Alipochungulia, alikiona barafuni, kwenye kivuli cha ukuta. Watoto wa kuokota maua walipita wakaokota kila kitu isipokuwa hicho.

Alimgeukia bibi yake aliyesimama karibu.

"Bibi," alinong'ona, "nime..."

"Hebu nyamaza, wanatangaza alama!"

Wakana alikuwa anaongoza. Alibaki mchezaji mmoja tu, Shiori kutoka Hirosaki. Shiori akikosea, ushindi ni wa Wakana.

Kozue aliogopa zaidi. Asubuhi, wakati wa mazoezi, alimwona Shiori akipita kinyumenyume karibu kabisa na ukuta ule, kabla ya kuruka. Kinyumenyume asingeona kitu. Kisu cha chini ya kiatu chake kingekanyaga kifuniko, mguu ungevunjika.

Sema sasa, alijihimiza, lakini hakuthubutu. Watu wangesema amekitupa makusudi ili amvuruge mshindani wa dada yake. Baba angefedheheka. Wakana huenda angeondolewa mashindanoni. Na huenda Shiori angepita mbali kidogo leo, nani ajuaye?

Shiori aliitwa. Uwanja mzima ukanyamaza, maana mchezaji akisimama kusubiri muziki, hata mwenye kikohozi hukimeza. Kozue naye akanyamaza. Muziki ukaanza. Shiori aliruka upande wa mbali, akatua vizuri, akageuza mgongo, akaanza kuja.

"Simama!" Kozue alipiga yowe. "Shiori, simama! Kuna kitu barafuni!"

Shiori alishtuka, akakata kona na kushika ukuta. Hatua tatu tu zilibaki afike kwenye kifuniko. Mwamuzi alipuliza filimbi, muziki ukazimwa.

"Si mdogo wake Wakana yule?" mtu alisema nyuma.

"Mdogo wake hasa! Ujanja huo!"

Msimamizi aliokota kifuniko. "Cha nani hiki?"

"Changu," Kozue alijibu, akiinua mkono. "Niliinama, kikaniponyoka. Nilikiona, nikaogopa kusema."

Shiori aliruhusiwa kuanza upya. Alicheza vizuri ajabu, akamshinda Wakana kwa alama moja.

Baadaye, kwenye ujia wa nje, Kozue alishindwa kuinua uso. "Dada, nisamehe."

"Nina hasira, sikufichi," Wakana alisema, macho mekundu. "Lakini angeumia ukiwa umenyamaza, medali ile ningeivaaje?"

Mwalimu wa Wakana, Hatakeyama, alikuja akichechemea kama siku zote, akaketi kati yao.

"Mnajua mguu huu uliharibiwa na nini? Kibanio cha nywele. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Msichana aliyekidondosha barafuni alikiona kikianguka, akaogopa kusema. Alikuja kuniomba radhi baada ya mwaka mzima, akilia kuliko mimi. Nilimsamehe. Mguu haukupona."

"Lakini hata mimi nilichelewa, mwalimu," Kozue alisema.

"Ulichelewa, ndiyo. Siku nyingine usingoje muziki. Ukikosea sema papo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Hofu haiishi kwanza ndipo useme. Unasema ukiwa nayo hivyo hivyo. Watakusengenya wiki moja, watachoka." Alimshika bega. "Na Shiori jioni hii anarudi kwao kwa miguu yake miwili."